Siku dola mbili za mwaka 1794 zilipokutana meza moja Guangzhou, na mimi nikiwa mkalimani

Wakuu, heri kwenu nyote, mnaochangia na mnaosoma kimya kimya.

Najua humu mtu akileta kisa kirefu mnamuuliza kama kaweka na tangawizi. Hii si chai. Nitaandika nilichokiona na kukisikia, na pale nisipojua nitasema sijui.

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa Guangzhou, nasoma udaktari kwa scholarship. Kichina changu kilikuwa kimeshakaa sawa, kwa hiyo msimu wa maonyesho ya biashara nilikuwa napata vibarua vya ukalimani kwa Waswahili waliokuja kufunga mzigo. Wakati huo maonyesho yalikuwa Liuhua. Hizo kumbi za Pazhou mnazozijua nyie vijana zilikuwa bado hazijajengwa.

Siku moja nimemaliza na laoban, yaani bosi, wa chupa za chai, dada wa mapokezi wa hoteli walikofikia wateja wangu akaniita. Kuna mama wa Kimarekani anatafuta mtu wa kumtafsiria, ila si kwa biashara ya kiwandani.

Ndivyo nilivyokutana na Mama Ruth.

Mjane, mtu mzima, mwembamba, viatu vya raba, na shingoni kamba imeingia ndani ya shati. Nikadhani ni pasipoti. Alipokaa akaivuta, akatoa kiboksi cha plastiki, ndani kuna sarafu ya fedha pana kiasi, imepauka rangi ya kijivu.

Akaniambia, "Hii ni dola. Zile za mwanzo kabisa nchi yangu ilizogonga. Mwaka 1794."

Wakuu, mimi dola niliyoijua ni ya noti.

Akanielewesha kwa subira kama mwalimu wa darasa la kwanza. Mbele kuna kichwa cha mwanamke, nywele kaziachia, nyota zimemzunguka. Nyuma tai ndani ya majani. Pembeni, kwenye unene wa sarafu, kuna maandishi. Zote zimegongwa kwa jozi moja tu ya mihuri, tena kwa mashine ndogo isiyo na nguvu ya kutosha, ndiyo maana karibu zote upande wa kushoto nyota zimefifia. Zilizobaki duniani ni chache, na zilizo nzuri unazihesabu bila kuchoka.

Yeye alikuwa anazunguka dunia kuziona zile nzuri moja moja kwa macho yake, akizilinganisha na ya kwake. Alikuwa na picha kubwa za nyingine. Ile inayosemwa ni bora kuliko zote ilikuwa inang'aa kama kioo, lakini ukiangalia katikati utaona kiraka. Waliichomeka fedha kidogo kabla ya kuigonga ili uzito utimie. Nikacheka. Bora kuliko zote, na ina kiraka!

Kilichomleta Guangzhou ni picha. Muuza sarafu mmoja wa Hong Kong alimtumia picha ya dola kama ile iliyokuwa kwa mzee mmoja hapa mjini. Picha yenyewe ilikuwa na ukungu, lakini mama wa watu hakulala, akapanda ndege.

Nami nikashikwa na homa hiyohiyo. Sijui kwa nini. Mpaka kesho yake naota nyota za kushoto.

Tukakutana asubuhi kwenye nyumba ya chai mitaa ya Xiguan, chumba cha juu. Vikapu vya mvuke vinaingia na kutoka. Mimi nikajishikilia kwenye chai na vikeki vya mayai, vingine sikuvielewa vina nini ndani.

Mwenye sarafu alikuwa Mzee Liang, dereva mstaafu wa mabasi ya umeme. Kavaa shati jeupe limepigwa pasi hadi mistari inakata. Kando yake kakaa mdogo wake, A-Ming, mpishi, aliyekuja na treni kutoka Hong Kong kumtembelea kaka. Walikuwa wanaongea kwa adabu sana, ile adabu ya watu ambao hawajakaa pamoja muda mrefu.

Mzee Liang akasimulia, mimi natafsiri. Baba yao alikuwa fundi wa fedha mtaa huohuo. Dola aliipata kwa babu yao, na enzi hizo za meli za Wamarekani fedha nyingi ya kigeni iliingia Guangzhou. Mfanyabiashara akiipokea na kuikubali, anaigonga alama yake kwa patasi ndogo. Hii nayo ilikuwa na alama, herufi moja ya Kichina karibu na shingo ya yule mwanamke.

Mzee akasema, "Baba alinipa mimi kwa sababu ni mkubwa. Kuna miaka ambayo kukutwa na fedha ya Marekani nyumbani ilikuwa kujitafutia balaa. Niliificha chini ya jiko. Walinzi wa mapinduzi walikuja kupekua, nikasimama juu ya hilo jiko. Kila mwaka mpya naitoa, naifuta, namkumbuka baba."

Akaifungua kwenye kitambaa chekundu. Inang'aa!

Mama Ruth akaweka ya kwake pembeni. Akavaa lenzi jichoni. Mimi moyo unadunda kama nasubiri matokeo ya mtihani.

Akaangalia mbele. Akaangalia nyuma. Akaigeuza pembeni kwenye maandishi. Akakaa hapo muda mrefu. Kisha akarudi kwenye ile alama ya mfanyabiashara, akavua lenzi, akanitazama mimi badala ya mzee.

"Mwambie taratibu," akasema. "Hii haikugongwa. Imemiminwa kwenye kalibu. Herufi za pembeni zimelegea kama sabuni iliyotumika. Na hii alama, ingepigwa kwa patasi ingekuwa na kingo kali. Haikupigwa. Imezaliwa nayo."

Wakuu, nimeshawahi kumwambia mgonjwa habari mbaya tangu wakati ule. Hakuna iliyokuwa ngumu kama hiyo. Wale mnaokwenda China mnalijua lile neno la sokoni, jiade, feki. Nililitafuta neno jingine nikalikosa.

Mzee Liang hakubisha. Alikunja kitambaa pembe moja, akakikunjua tena.

Mama Ruth akaendelea, "Lakini mwambie na hili. Hii ni nakala, na nakala ina mama yake. Kuna dola ya kweli mahali fulani yenye alama hiyohiyo, mahali palepale. Kalibu ilitengenezwa kutoka kwake."

Nikatafsiri.

A-Ming akasogeza vikapu pembeni. Akaweka kikombe chini. Akaingiza mkono mfuko wa ndani wa koti, akatoa leso kuukuu iliyofungwa fundo.

"Kaka, si uliniambia ya kwangu ndiyo ya kuigiza?" akasema. "Siku naondoka. Baba alinipa hii mlangoni. Wewe ukaniambia baba kamimina moja, na ya kweli haiwezi kwenda kwa mdogo."

"Nilisema," Mzee Liang akajibu.

"Nikaamini. Nimeileta leo tumwonyeshe mama huyu mgeni acheke kidogo."

Akafungua fundo.

Ilikuwa nyeusi nyeusi, na pembeni bluu kidogo, kama mafuta juu ya maji. Haijawahi kufutwa. Mama Ruth aliinama, halafu akasimama! Mama mtu mzima, kasimama kabisa, kiti kikaanguka nyuma yake. Akaomba dirisha lifunguliwe zaidi. Akaishika kwa ncha za vidole, akaizungusha kwenye mwanga.

"Oh," akasema. "Oh, njoo uone."

Akanipa lenzi. Nywele za yule mwanamke, wakuu, uzi mmoja mmoja! Kwenye ya Mama Ruth nywele zilikuwa zimelala, ingawa nyota zake za kushoto zilikuwa na nguvu zaidi. Hii nyota za kushoto zimefifia kama zilivyotakiwa kufifia, maandishi ya pembeni makali, manyoya ya kifua cha tai yanaonekana. Na ile alama ya Kichina imezama, kingo zake zinakata.

"Zhende," nikajikuta nasema kwa sauti. Ya kweli. Hata sikusubiri kutafsiri.

Mama Ruth alikuwa anacheka na machozi yanamtoka. Akapanga picha zake mezani, akaiweka katikati. Akasema wakusanyaji wengi wataishusha daraja kwa sababu ya alama, ila kwa sura yake, kati ya alizoziona kwa macho, ni chache mno zinazoizidi. "Kwa sababu hakuna aliyeigusa," akasema. "Muulize aliitunzaje hivi?"

A-Ming akatabasamu kwa uchungu.

"Sikuitunza. Niliisahau ndani ya leso. Miaka ya kwanza Hong Kong nililala njaa. Niliuza saa, nikauza koti. Hii sikuiuza kwa sababu niliona aibu kumpelekea mtu kitu feki."

Nikatafsiri, Mama Ruth akaacha kucheka.

Nikamtazama Mzee Liang. Yeye ndiye aliyebaki. Yeye ndiye aliyemuuguza baba yao, akamlisha, akamzika. Akainuka, akachukua kofia yake.

"Baba aliishi na mimi mpaka mwisho," akasema. "Hakuniambia."

"Angekuambia ungefanyaje?" A-Ming akauliza. "Ungesimama juu ya jiko kwa ajili ya feki? Kaka, kaa. Mimi nilipewa dola kwa sababu nilikuwa naondoka. Wewe ulibaki na baba. Ningepewa kuchagua, ningechagua ulichopata wewe."

Hayo hayakuwa ya kutafsiriwa. Mama Ruth hakuuliza.

Mzee alisimama pale na kofia yake mkononi. Kisha akakaa. Akanyanyua buli, akammiminia mdogo wake chai. Pale Guangzhou mdogo ndiye anayemmiminia mkubwa, kwa hiyo A-Ming alibaki anakitazama kikombe. Halafu akagonga meza kwa vidole viwili, kama wanavyoshukuru wao.

Mama Ruth aliomba kuinunua, tena si mara moja. A-Ming akajibu buyao, sitaki, kwa upole kabisa. Akamruhusu apige picha, na mama akazipiga zote mbili, ya kweli na nakala. Alisema huyo fundi anastahili kuonekana.

Ndugu wakakubaliana dola ya kweli ikae mwaka kwa mkubwa na mwaka kwa mdogo, na kila mwaka mpya aliyenayo aipeleke kwa mkono wake. Mpaka namaliza masomo walikuwa bado wanafanya hivyo. Baada ya hapo sijui.

Nilichojifunza mimi: kitu ukikiangalia peke yake unaweza kujidanganya nacho maisha yako yote. Kiweke karibu na mwenzake, kwenye mwanga, na uwe tayari kusikia jibu. Na mara nyingine jibu la sarafu linafungua swali la nyumbani.

Sasa semeni nyie, maana hili nimelizungusha kichwani hadi leo. Yule fundi alijua mwanawe mmoja anaondoka na mmoja anabaki, akawapa hivyo, akafa na siri yake. Alitenda haki?

Wazazi wenye watoto wawili waanze.