Mkonge Katika Shamba la Kuazima

Wapo watu Tanga hii mpaka leo wanaoukumbuka mwaka mkonge ulipopanda bei. Vita vilikuwa Korea, mahali hata hatupajui, lakini faida ilishukia hapa. Tanga nzima ikavaa viatu. Makarani wakanunua baiskeli, kanga zikabadilishwa kabla hazijapauka, na wenye mashamba ya mkonge, watu ambao ukiwaomba maji wanakupimia kwa kijiko, wakawa wakarimu kwa ghafla. Wakachanga fedha, kikajengwa kituo cha utafiti njia ya Muheza, kina bati jekundu na chumba kizima cha vyombo vya vioo. Wakaletwa wataalamu, na pamoja na wataalamu akaletwa Fanueli.

Fanueli alikuwa mtoto wa mkulima wa Kilutheri kutoka Mlalo, huko juu milimani, kijana mrefu mwembamba aliyefunga shati mpaka kifungo cha shingoni hata kwenye jua la Januari. Alikuwa amemaliza Makerere, shahada ya kwanza anayo, na sasa anasomea ya pili, ile ambayo mtu hakai darasani bali anatafuta jambo lisilojulikana na yeyote. Waafrika wa namna hiyo siku zile ungewakalisha wote wa nchi nzima kwenye benchi moja la kanisa na nafasi ikabaki. Huko Mlalo baba yake alitajwa kwenye maombi ya Jumapili kwa sababu yake.

Jambo alilokuwa akilitafuta ni hili. Mkonge hutoa majani miaka kadhaa, kisha huchomoza mlingoti, huchanua, na hapo maisha yake yamekwisha. Fanueli aliuchavusha mkonge wa kawaida kwa mkonge mwingine wa majani ya kibuluu, akapata miche chotara, akataka kujua kama chotara wale watatoa majani mengi zaidi kuliko wazazi wao. Basi. Mwalimu wake wa chuoni alikubali kwa sharti moja: miche ikishahamishiwa shambani, majani yahesabiwe bila kukatiza mpaka masika ya mwaka hamsini na tano. Akifika hapo, shahada yake. Mkonge hauna haraka, na anayeutafiti inampasa naye asiwe nayo.

Vita vikaisha, bei ikaporomoka, na wenye mashamba wakakirudia kijiko chao. Mchango wa utafiti ndio waliouona wa kwanza kukata. Mkuu wa kituo, Mwingereza mpole mwenye uso mwekundu, aliwaita wote asubuhi moja akawaeleza kwamba kazi zote za muda mrefu zimefungwa, watakaobaki ni wa majaribio ya mbolea tu, na kitalu cha miche kitapigwa trekta. Posho ya Fanueli ingekwisha mwezi ule ule. Akampa pole, na mimi naamini aliona uchungu kwelikweli, lakini pole haimwagilii mche.

Mwingine angerudi Mlalo akalime kabichi, na nani angemlaumu? Fanueli aliing'oa miche yake kitaluni, mia na ushei, akaifunga mafungu mafungu kwa kamba, akambembeleza dereva wa lori la machungwa pale Muheza, akaingia Tanga amekaa juu ya magunia na mikonge imemchoma magoti. Akapanga chumba Mabawa, kwa Bi Mwatima.

Bi Mwatima alikuwa mjane wa Kipemba, mnene, mcheshi, mwenye ulimi uliowatia adabu hata wauza samaki. Alivuka kuja Tanga na mumewe aliyefanya biashara ya karafuu na mchele. Mume akafariki, mtoto hawakujaaliwa, naye akabaki peke yake na shamba dogo nyuma ya nyumba. Muhogo wa shamba lile ndio uliokuwa chakula chake, na ndio uliomnunulia mafuta ya taa na kanga ya sikukuu. Hakuwa na kingine.

Fanueli alipata vibarua vya kuwafundisha makarani hesabu jioni, kwa hiyo kodi ya chumba aliimudu. Ardhi ndiyo iliyomshinda. Alizunguka Mabawa yote akiomba kipande cha kupanda mkonge, watu wakamcheka, maana nani anapanda mkonge kwenye shamba la kula? Miche ikalala uani, majani yakaanza kunywea. Na yeye akanywea nayo. Bi Mwatima akimpelekea chakula, kinarudi kama kilivyokwenda.

Asubuhi moja mama yule alimkuta amechuchumaa mbele ya miche, kama anauguza mtu. Akamtazama, akaitazama miche. Kisha akamwambia achukue jembe, ang'oe muhogo wa upande wa chini ambao umeshakomaa, apande mimea yake. Wahenga wamesema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawakusema akishapewa jembe apande nini.

Mwaka uliofuata, nadhani Fanueli hakupata kuwa na mwaka mwingine kama ule. Miche ilishika, ikasimama, ikaanza kutoa majani kwa kasi ambayo yeye mwenyewe aliogopa kuiamini. Kila Jumamosi alipita mstari kwa mstari akitia alama ya rangi nyeupe kwenye kila jani jipya, na watoto wa jirani wakimwimbia kwamba anawapaka wanja mikonge. Bi Mwatima hukaa kizingitini na birika la chai ya tangawizi na mkate wa kumimina, akimtania. Asubuhi humwuliza kama amewajulia hali wake zake, na jioni humwambia asiwapendelee wa mstari wa mbele, wa nyuma watanuna. Mvua ikinyesha wanakaa wote wawili barazani, yeye na Biblia yake, bibi na tasbihi yake, wakisikiliza maji yanavyopiga kwenye majani yale magumu.

Sasa hapa ndipo kisomo kilipomwacha njiani. Pwani hii ukiazimwa shamba unapanda kitu cha msimu: mahindi, kunde, muhogo, mpunga. Ukivuna, ardhi inabaki tupu kama ulivyoikuta. Mti hupandi. Mnazi hupandi, mwembe hupandi, wala chochote cha kukaa miaka, kwa sababu mwenye mmea wa kudumu kesho husimama akasema na ardhi iliyo chini yake ni yake. Kila mtoto wa Mabawa alilijua hilo. Fanueli wa Mlalo hakulijua, wala hakujua kwamba shamba la Bi Mwatima lilikuwa la kuazimwa.

Mwenyewe alikuwa Mzee Idarusi, Mdigo, ambaye baba yake ndiye aliyemwazima yule mjane. Wakati wote huo Mzee Idarusi alikuwa Maramba kwa mwanawe. Aliporudi Mabawa, vuli ya mwaka hamsini na nne, akakuta mkonge umesimama kwa mistari kwenye ardhi ya baba yake, unamfika magotini. Hakuwa mtu mbaya, msimfikirie hivyo. Ukoo wake ulikuwa umeshapoteza shamba jingine kwa mgeni aliyeomba kulima kunde akachomeka minazi mitatu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mkonge si ung'ongo.

Aliwaita wazee barazani kwake, akamwita Bi Mwatima, na Fanueli akaja nyuma yake. Mzee Idarusi akasema mkonge ung'olewe kabla ya Ijumaa, ama shamba lirudi. Fanueli akajieleza kwa adabu zote. Akaeleza chotara, akaeleza majani, akaapa kwamba masika yakipita atang'oa mche mmoja mmoja kwa mkono wake, na akajitolea kuandika mkataba. Mzee mmoja akamjibu kwamba hata yule wa minazi aliandika, mchwa wakala karatasi, minazi wakaiacha. Watu wakacheka, lakini si kwa ubaya.

Mzee Idarusi akamgeukia Bi Mwatima, akamwuliza kama hakujua sheria ya mahali.

"Nilijua," akasema Bi Mwatima.

Fanueli akageuka kumtazama. Alikuwa anadhani wamekosea wote wawili kwa kutojua.

"Nilijua, Mzee Idarusi. Shamba niliazimwa na baba yako, Mungu amrehemu, na ukilitaka nakurudishia hapa hapa mbele ya wazee, pamoja na mikonge iliyomo, umwachie mtoto amalize kazi yake. Shamba niliazimwa. Mwana huyu sikuazimwa na mtu."

Mzee Idarusi akatazama chini, akachora mchangani kwa fimbo, mwisho akasema kwamba kwa maneno hayo yeye hana kipingamizi. Mkonge utakaa mpaka masika, na shamba litakuwa limerudi kwake.

Nisiwafiche, Fanueli alitaka kunyamaza. Miezi michache tu ilikuwa imebaki. Angenyamaza, angehesabu majani, angeitwa msomi, na baba yake angetajwa tena kanisani. Na mwanamke yule angekula nini? Aliona hayo yote kwa pamoja. Akainuka, akawaaga wazee, akaenda moja kwa moja shambani akachukua jembe.

Mkonge mkubwa ukiung'oa haufi. Utaupanda kwingine na utaota. Lakini husimama kwanza, huacha kutoa majani mpaka mizizi ipone, na hesabu iliyokatizwa ndiyo basi tena. Fanueli alilijua hilo kuliko mtu yeyote, naye akaendelea kung'oa. Bi Mwatima akamfuata, akamwita mjinga, akamwita punguani, akalishika jembe, akalia kwa sauti.

"Rudi ndani, mama," akamwambia. "Jua kali."

Kabla ya hapo hakuwa amemwita mama hata siku moja. Mikonge aliitupa kandokando ya njia, na watu wa Mabawa wakajichukulia ya kupanda ua. Mzee Idarusi alisimama mbali akitazama mpaka shimo la mwisho likafukiwa, kisha akaenda zake. Shamba akaliacha kwa Bi Mwatima.

Fanueli akawa mwalimu wa sayansi shule moja ya Muheza, akaoa, mkewe akiitwa Beatrisi, na karibu kila Jumamosi walishuka Mabawa wote wawili. Miaka ilipopita, bei ikainuka, kituo kikafunguliwa tena, mtu mwingine akafanya kazi ya chotara akasifiwa. Fanueli alisikia, akaumia sana, asikwambie mtu. Lakini Beatrisi akimwuliza anachokikumbuka zaidi, hakuitaja shahada. Alikuwa anautaja ule mwaka, mvua ile barazani, chai ile, na kutaniwa kwa ajili ya wake zake wa mistari.

Mwaka hamsini na tisa Bi Mwatima akafariki. Fanueli alifika na lori la kwanza kutoka Muheza, akasimama nje ya ua wa nyumba na kofia mkononi. Mkristo, Mshambaa, si ndugu. Ndani wanaume wamekaa kwenye mikeka, na shemeji za marehemu wamevuka kutoka Pemba. Hakujua mtu kama yeye hukaa wapi.

Mzee Idarusi, sasa mkongwe, alimwona. Akajikongoja mpaka nje, akamshika mkono, akampitisha katikati ya watu wote mpaka mbele, penye mkeka wa wafiwa, akamkalisha. Shemeji mmoja akauliza kwa upole huyu ni nani.

"Huyu ndiye mwenye msiba," akasema Mzee Idarusi. "Mkono wa pole wa kwanza ni wake."

Akaanza yeye mwenyewe kumpa.