Watoto Thelathini na Mmoja wa Nyabiondo

Kama unadhani kazi ya kompyuta ni kukaa kwenye kiti na kubonyeza, njoo ukae meza ya pili katika ofisi yetu ya Bweremana, ninapokaa mimi Grégoire, mtunza ghala. Kwa miaka minne nimemsikiliza fundi wetu Kyakimwa akitengeneza kwa simu mashine asizoziona, katika vituo vitano vilivyotawanyika kati ya Masisi na Walikale. "Papa Honoré, zima. Ngoja kidogo. Washa. Unaona nini?" Huko Walikale Papa Honoré anaeleza anachokiona kwa urefu, pamoja na habari za mvua na za mke wake, naye Kyakimwa anafumba macho ili aone vizuri.

Ni binti wa Butembo, wa wale wafanyabiashara wa kule. Baba yake ana duka la mabati na malori mawili, na mpaka leo haelewi kwa nini mwanawe wa kwanza aliacha kaunta akaenda kufanya kazi isiyoshikika. Ana miaka thelathini na moja, ulimi mkali, hakosi misa, na chai yake ina sukari ya kutosha familia nzima. Mimi humtania kwamba atamfundisha mumewe kuwasha na kuzima, siku atakapompata.

Shirika letu huandikisha watoto waliopotezana na wazazi wao wakati wa kukimbia vita. Mtoto akipatikana, anapigwa picha, jina lake na la familia iliyompokea yanaingizwa kwenye kompyuta ya kituo, halafu karatasi iliyoandikwa kwanza inachomwa. Ndiyo, inachomwa. Orodha ya watoto walio peke yao ikianguka mikononi mwa wenye bunduki ni msiba, na sisi si wageni wa misiba hiyo. Mtandao ukipatikana, kompyuta inatuma kila kitu kwenye seva yetu, na alama ya kijani inatokea. Vita vikikaribia, mtu wa kituo anahakikisha ameona kijani, anafuta kompyuta yote, anaondoka. Utaratibu huo aliuandika Kyakimwa mwenyewe, na mimi niliusifu.

Kituo cha Nyabiondo kilikuwa chini ya Papa Esdras, mkulima wa maharage aliyewahi kufundisha shule ya msingi. Hakuwahi kusahau neno la siri hata mara moja, na kwa hilo tu Kyakimwa alimpenda kuliko wote. Kuna wiki sita ambazo hesabu ya Nyabiondo haikupanda hata kwa mtoto mmoja, nasi tukafurahi. Nilisema kwa mdomo wangu huu: "Mungu asifiwe, watoto wamepungua."

Kisha ikaja Jumatatu moja, saa tatu asubuhi. Papa Esdras alipiga simu, na nyuma ya sauti yake tulisikia milio.

"Dada, wanakaribia. Watu wote wako nakimbia. Nifanye nini?"

"Rezo ya mtandao iko?"

"Iko kidogo."

"Tuma vitu vyote. Unaona rangi gani?"

"Kijani."

"Basi futa, Papa Esdras."

"Yote?"

"Yote."

"Dada, yote kabisa?"

"Papa, kama iko kijani, vitu vyote viko huku kwangu. Futa, ukimbie!"

Kufuta kulichukua dakika kumi na moja. Kyakimwa alizihesabu kwenye saa ya ukutani. Papa Esdras akasema, "Imeisha," na simu ikakatika. Siku ile tulijiona watu tuliofanya kazi yetu vizuri.

Siku ya tisa aliingia Mama Mukankusi. Alikuwa ametoka upande wa Sake kwa pikipiki, kitenge chake kimejaa vumbi. Binti yake Uwamwezi, wa miaka sita, alimponyoka mkononi njiani walipokuwa wanakimbia. Jirani yao alimwona kwa macho yake Papa Esdras akimpiga picha yule mtoto pale Nyabiondo.

"Wameniambia foto yake iko kwenu," akasema.

Kyakimwa alitafuta kwa jina la mtoto, kwa jina la mama, kwa kilima anakotoka, kwa umri. Hakukuwa na kitu. Akafungua kumbukumbu za seva, mahali ambapo mashine huandika nani amebisha hodi na amejibiwa nini, nikamwona anabadilika rangi. Ndani ya zile wiki sita kompyuta ya Nyabiondo ilikuwa imetuma watoto thelathini na mmoja, na wote walifika na tarehe ya Januari 2010. Seva ilidhani ni mambo ya kale, ikawakataa. Ilibakiza idadi yao tu. Kile kijani kilimaanisha kwamba mazungumzo yamekwisha, basi.

Nilikasirika, si kwa Kyakimwa, bali kwa mjuzi wa mbali aliyetengeneza programu ile na kuamua kukataliwa na kupokelewa kuwe na rangi moja. Halafu nikafanya jambo la aibu. Nikamnong'oneza, "Mwambie mama mtandao ni mbaya, arudi wiki ijayo." Mimi ni mwoga, nakubali. Kyakimwa alikwenda kukaa kwenye benchi, kando ya yule mama.

"Mama, mutoto wako aliandikwa. Lakini vile vilivyoandikwa vimepotea. Ni miye njo nilisema wafute."

Mama Mukankusi hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Aliuliza tu, "Hamuwezi kumuandika tena?"

"Sijue walimupeleka kwa nani, Mama. Ni Papa Esdras tu anajua, na simu yake haipite."

"Basi nitamungoja."

Alingoja siku tatu. Alifika ofisi ikifunguliwa, akaondoka ikifungwa, na uji niliompa aliunywa nusu. Kyakimwa aliwaandikia waliotengeneza programu. Walimjibu kwa upole mwingi kwamba kilichokataliwa hakihifadhiwi. Alimpigia Papa Honoré kila saa kuuliza kama Papa Esdras ameonekana. Katikati ya simu hizo alifungua ukurasa uleule mtupu, akaufunga, akaufungua tena. Utani wangu wote ulinikauka.

Siku ya nne ilikuja simu kutoka namba ya Papa Honoré, lakini sauti ilikuwa ya Papa Esdras. Alikuwa amefika Walikale kwa miguu, kwa njia za porini. Kyakimwa aliweka simu mezani na kufungua sauti ili sote tusikie.

"Papa Esdras, tunashukuru Mungu. Uniambie, mangaribi, ukifunga ofisi, ulikuwa unafanya nini na ile mashini?"

"Vile tunafanyaka siku zote. Natoa batiri, naenda nayo nyumbani."

"Kila siku?"

"Dada, nani anaachaka batiri ndani ya bureau?"

Huko milimani mwenye pikipiki huchomoa plagi jioni, mwenye redio hutoa betri, mwenye taa ya sola hulala nayo, maana kitu kisichowaka mwizi hakitaki. Papa Esdras aliitunza mashine yetu vile mtu wa kwao anavyotunza mali. Ila ndani ya kompyuta kuna betri nyingine ndogo inayoshika tarehe, na hiyo ilikuwa imekufa wiki sita kabla ya ile Jumatatu. Kila asubuhi alipoirudisha betri kubwa, mashine iliamka mwaka 2010. Yeye hakuona cha kueleza, na Kyakimwa hakuwahi kumuuliza.

"Nilifanya vibaya?"

"Hapana, Papa. Ni miye. Uniambie watoto, wote unakumbuka."

Akaanza kuwataja, jina na familia, jina na familia, nasi tukaandika sote wawili ili kisipotee kitu. Alifika kumi na tisa, akaishia hapo.

"Na Uwamwezi?" Kyakimwa akauliza. "Wa miaka sita. Mama yake iko hapa."

"Namukumbuka! Alikuwa amevaa gile nyekundu ya baridi, jino ya mbele imetoka. Alilia wakati ya foto."

Mama Mukankusi alisimama, akashika ukingo wa meza.

"Ulimuweka kwa nani?"

"Siku ile walikuja saba pamoja. Familia mbili njo ziliwapokea. Moja ilikimbilia Pinga, ingine iliingia mu pori, sijue wapi. Uwamwezi alienda na ile ao na hii, sikumbuke." Akaongeza, "Niliandika, dada. Nilijua mashini itakumbuka."

Kyakimwa alikuwa ameshika kalamu, na mbele ya jina la yule mtoto hakuna alichoandika.

"Lakini sura yake niko nayo," Papa Esdras akasema. "Nikimuona, nitamujua."

Mama Mukankusi aliinama karibu na simu, akaongea taratibu, kwa heshima.

"Aksanti, Papa," akasema. "Hata miye, nikimuona, nitamujua."