Mafundo ya Birindwa

Birindwa alikuwa mtu wa kamba. Vita vya pili vya Kongo vilipoanza alivuka daraja kutoka Bukavu na mzigo mmoja tu, bunda la katani. Hapa Mururu, upande wa Rwanda, nyumba nyingi zilikuwa zimebomoka, nasi waashi tulikuwa tukizijenga upya. Yeye alitusimamishia majukwaa ya miti ya mikaratusi, akayafunga bila msumari hata mmoja. Tukimuuliza kama jukwaa litatubeba, alijibu, "Itakubeba wewe na zambi zako. Kama zimezidi, pitia kwanza kwa padri."

Alimwoa Primitive, binti wa jirani yangu Bernadette, wakapata mtoto, Vanessa. Vanessa alifika miaka miwili hajui kukaa, na degedege lilimshika karibu kila siku. Wanawake kisimani walitafuta sababu mpaka wakaipata: baba alifunga mafundo mkewe akiwa mjamzito, kwa hiyo akafunga na kichwa cha mtoto. Bernadette akaamini. Wazazi waliporudi kutoka Kigali, walikopigisha picha ya kichwa cha mtoto, aliwapokea njiani, akawachukua binti na mjukuu.

"Papa Vanessa," alisema mbele ya watu, "fungua mafundo yote ulifunga. Yote! Mpaka siku ile, Primitive anabakia kwangu."

Birindwa alitaka kueleza maneno ya daktari, lakini hakuna aliyemsikiliza. Akainama. "Ndiyo, Maman. Yote."

Asubuhi yake alianza kazi, na alianzia kwa Bernadette mwenyewe. Mimi nilikuwa nikipalilia migomba yangu ng'ambo ya ua, nikajifanya sioni. Alifungua kamba ya mbuzi, na mbuzi akaelekea kwenye kabeji bila kuuliza njia. Akafungua kamba ya nguo, shuka za Jumapili zikalala matopeni. Akaenda kwenye ua wa choo, akafungua upande mmoja.

"Nani huyo?" sauti ya Bernadette ikatoka ndani.

"Ni mimi, Maman. Hii pia nilifunga mimi."

"Acha kwanza!"

Akaacha, akahamia kwenye maharage yanayopanda mitini. Alifungua miti ya mstari mmoja, ikaanguka na maua yake yote. Bernadette akatoka mbio huku akikaza kitenge.

"Una wazimu? Maharage yangu!"

"Ulisema yote."

Kisha Birindwa akachuchumaa kando ya mstari ule, na utani ukamtoka usoni. Alimweleza kwamba daktari alisema ubongo wa mtoto tumboni hujengwa na chembe ndogo zinazozaliwa ndani kabisa, halafu hupanda kwenda juu, kila moja mahali pake. Ndani ya kila chembe mna vijiti vyembamba. Chembe huvisimamisha mbele, huvibomoa nyuma, na ndivyo inavyojivuta. Kwa Vanessa, kile kinachoshikilia vijiti kama fundo kilikuwa kidogo mno, chembe zikaishia njiani. Ubongo ambao ungekuwa na mikunjo ukabaki laini kama yai.

"Nani alikipunguza?" Bernadette aliuliza.

"Hakuna muntu. Ni kosa iliingia yenyewe, mimba ikiwa changa. Si Primitive, si mimi. Fundo haikuzidi, Maman. Ilipunguka."

Bernadette aliinua mharage mmoja, akauegemeza kwenye goti lake. Ulianguka tena.

"Na dawa?"

"Kuko kidonge ya degedege. Inapunguza. Chembe kupanda upya, hapana."

Mbuzi aliendelea kutafuna. Hakuna aliyemfukuza.

Bernadette aliingia ndani, akarudi na Vanessa mgongoni. Kichwa cha mtoto kiliangukia upande. Akamgeuzia mkwewe mgongo na kumpa kipande cha kitambaa.

"Funga hapa nyuma ya shingo yake. Kaza, lakini asiumie. Nitamubeba mpaka kwenu."

Birindwa alifunga polepole kuliko nilivyowahi kumwona akifunga. Primitive alikuwa ameshatoka na beseni la nguo kichwani, akiwatazama kama mtu anayeogopa wasije wakabadili mawazo.

Bernadette alipiga hatua mbili, akasimama.

"Beba mutoto kwanza," alimwambia mkwewe. "Halafu funga ile choo. Sikumaliza."