Skrubu ya Mzee Shamsudin

Siku Tsuma alipoiona ile fimbo kwa mara ya kwanza alidhani imevunjika, na moyoni akafurahi kidogo, kwa sababu fimbo iliyovunjika haibebwi. Ilikuwa imelazwa juu ya kaunta ya duka katika mtaa wa Ndia Kuu, baina ya mabirika ya shaba na visanduku vya mbao vilivyopambwa kwa njumu, kichwa huku na mpini kule. Mwenye duka, Mzee Shamsudin, alikuwa ameviinamia vipande hivyo kama daktari aliyeitwa dakika ya mwisho.

"Salaam aleikum, Mzee. Pole," alisema Tsuma.

"Waaleikum salaam. Pole ya nini? Hii ndiyo raha yake, yakhe. Inafunguka!"

Tsuma alikuwa kedi, mbeba fimbo katika uwanja wa gofu kule Kizingo, na mfuko aliozoea kuubeba ni wa Shamsudin. Alikuwa mtu wa haya. Akiwa na neno, hulisema kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi kwenye nyumba ya matanga. Basi akaonyeshwa maajabu. Kichwa cha fimbo kimeshikwa na skrubu moja tu. Ukiifungua kwa spana ndogo iliyokuja nayo, ukakigeuza kichwa kidogo na kukaza tena, mpira uliozoea kwenda kulia utanyooka. Geuza tena, utapanda juu. Geuza tena, utakwenda chini chini. Haja ya kujifunza kupiga imekwisha, alhamdulillahi.

Na Shamsudin alikuwa na haja kubwa. Miaka yote Tsuma aliyomjua, mpira wa mzee huyu ulikuwa na tabia moja: ulitoka vizuri, ukafika katikati, kisha ukakumbuka shughuli zake upande wa kulia, baharini. Zamani mtu akipiga hivyo alijilaumu mwenyewe, au alimlaumu kedi, kwa kuwa kedi ndiye aliyesimama karibu. Sasa lawama ilikuwa imepata makazi yake. Ilikaa kwenye skrubu.

Haukupita muda uwanja mzima ukaambukizwa. Karani wa forodha, mwalimu mstaafu, mwenye duka la dawa, watu wa kawaida waliokuwa wakichezea fimbo walizorithi kwa wajomba, kila mmoja akawa na spana mfukoni. Hata mazungumzo ya baada ya mchezo yalibadilika. Watu waliokuwa wakizungumzia mabega na viuno sasa walizungumzia digrii, na mgeni angepita pale angedhani mafundi wa boti wa Liwatoni wamehamishia mkutano wao Kizingo. Mipira, kwa upande wake, iliendelea kupotea palepale.

Tuseme haki, mmoja alifaidika. Trizah, muuguzi, mwanamke mfupi ambaye mpira wake haukuwahi kupanda kupita magoti, aliigeuza fimbo yake ielekee juu kidogo, na tangu siku ile mpira wake ukaruka kama wa watu wengine. Lakini Trizah alikuwa na bahati isiyo ya kila mtu. Wiki hiyohiyo aliipoteza spana.

Shamsudin hakuwa na bahati hiyo. Yeye aliigeuza fimbo kabla ya kila mchezo, kwa kutazama bendera, mawingu, na namna magoti yake yalivyoamka. Nyuma ya yote hayo alikuwapo Hamdan.

Hamdan ni shemeji yake, kaka wa marehemu Bayan, mkewe. Walicheza pamoja kila Jumamosi, na Shamsudin hakuwahi kumshinda hata siku moja. Jioni, penye baraza la kahawa, Hamdan husimama na bakora ya mtu, akajikunja kiuno, akafumba jicho moja, akapiga kama apigavyo shemeji yake, halafu akatia mkono juu ya macho kutazama kulia, mbali sana. Watu hucheka mpaka kahawa ikamwagika. Shamsudin naye alicheka. Tsuma aliwahi kumwona akicheka hivyo, na hakupenda alivyomwona.

Sasa siku zilikuwa zimebana. Afaf, bintiye aliyeolewa Maskati, alikuja akasema baba hawezi kuishi peke yake na mabirika. Duka lilipata mnunuzi, tiketi ikakatwa. Na kama kwa mzaha wa mtu fulani, Shamsudin na Hamdan wakafika fainali ya kombe la wazee, Jumamosi ya mwisho kabla ya safari.

"Nikiondoka sijamshinda huyu, Bwana Tsuma," alisema Shamsudin, "nitaondoka na kicheko chake ndani ya sanduku. Mpaka Maskati."

Akajiandaa. Na hapa ndipo alipokosea kosa la watu wa Ndia Kuu peke yao. Dukani kwake kila kitu cha madini hufutwa kwa kitambaa cha mafuta, kwa sababu chumvi ya bahari hula hata bawaba za milango. Birika hupakwa mafuta, jambia hupakwa mafuta. Usiku wa kuamkia fainali ingekuwaje fimbo yenye heshima kama ile isahauliwe? Aliitoa skrubu, akaipaka mafuta ya cherehani ndani na nje, akairudisha. Ikaingia laini kama sindano kwenye hariri.

"Mzee, isije ikalegea," alisema Tsuma asubuhi alipoambiwa. Alisema, ila kwa sauti ile yake, na kunguru walikuwa wanapiga kelele.

Spana ilikaa mfukoni mwa Tsuma. Haikuruhusiwa kutumika. Kanuni, ambayo Shamsudin alimsomea mara nyingi kuliko alivyomsalimia, inasema mchezo ukishaanza skrubu haiguswi. Ukiigeuza kusudi ukaupiga mpira kwa fimbo hiyo, umetolewa.

Na kwa kweli mpira ulinyooka. Shimo baada ya shimo ulikwenda katikati ya majani, na Hamdan, ambaye naye alikuwa amenunua fimbo ya namna hiyo, ila ya rangi ya kuonekana zaidi, akaanza kupunguza mzaha. Walikuwa sare walipofika kwenye shimo la ukingoni mwa bahari. Shamsudin akasimama, akajikunja kiuno, akafumba jicho, akapiga. Mpira ulisogea hatua chache na kutulia. Kichwa cha fimbo ndicho kilichoruka. Kilikwenda juu, kimenyooka, kizuri, kikatua baharini.

"Mashallah!" alisema Hamdan. "Hiyo ndiyo ndefu kuliko zote ulizowahi kupiga, shemeji."

Shamsudin akaendelea kwa chuma namba saba, fimbo fupi ya zamani isiyofunguka popote, na cha ajabu hakuachwa. Walifika shimo la mwisho wakiwa bado sare. Mipira ya Hamdan ilikuwa imeanza kwenda kushoto.

"Bwana Tsuma," alisema Hamdan, "hiyo spana yenu haina kazi tena. Hebu niazime."

Tsuma alimtazama Shamsudin. Shamsudin alitazama majani. Tsuma hakuwahi kumkatalia mtu kitu maishani mwake, akampa. Hamdan akafungua, akageuza, akakaza, akapiga. Mpira ulinyooka kama uzi.

Sasa lilibaki neno moja tu, kuitaja kanuni. Shamsudin alifumbua kinywa, na Tsuma akaona kombe likimjia. Hamdan alikuwa ametia mkono juu ya macho, anautazama mpira wake mwenyewe, anacheka peke yake kama mtoto. Shamsudin akafumba kinywa. Akachukua chuma namba saba, akacheza, akashindwa kwa pigo moja.

Kombe likatolewa, sambusa zikaliwa, na Hamdan akawaigizia watu kichwa cha fimbo kinavyoruka. Shamsudin alicheka kuliko wote. Safari hii Tsuma hakuona ubaya katika kicheko chake.

Hakumwona tena baada ya siku ile. Mzee alisafiri katikati ya wiki. Jioni ile ya fainali Tsuma alimsindikiza mpaka kwenye gari, akamwekea mfuko nyuma. Shamsudin alishusha kioo, akatazama kama shemeji yake yu karibu, akamwita kwa kidole.

"Bwana Tsuma, lile jambo la spana usimwambie mpaka ndege yangu iruke. Ikisharuka, mwambie kila Jumamosi."