Juzuu ya Kumi na Tatu

Baba alipofariki sikwenda kumzika. Viza yangu ilikuwa katikati ya kubadilishwa; ningetoka Sydney, nisingeruhusiwa kurudi. Nilimweleza mama, akakata simu. Tangu siku ile hakunisemesha.

Basi dada yangu mkubwa alipogawa juzuu thelathini za hitima ya arobaini kwenye kundi letu la simu, niliishika yangu kwa mikono miwili. Ilikuwa ya kumi na tatu. Nilijiambia mama akiona nimesoma, moyo wake utalainika. Anayemaliza anaweka alama ya vema, basi.

Nilikuwa na wiki mbili. Lakini msahafu wangu umo ndani ya simu, na humo humo wamo msimamizi wa ghala la Minto ninakopakia dawa, mwalimu wa binti yangu, na shangazi anayetuma picha za maua kila asubuhi. Nikifungua tu, ujumbe unatua juu ya aya kama nzi kwenye maziwa. Nilisema nitasoma kwenye treni, nikasinzia. Nikasema Jumapili, nikaitwa kazini, na mimi kukataa shifti sijui. Zikabaki siku tatu. Alama ishirini na tisa zimejipanga, na dada akaandika, "Tunamngoja mtu wa Sydney." Wifi akaongeza kicheko. Nikapandwa na hasira, nikaweka alama.

"Mwenyezi Mungu akukubalie," wakaniombea mmoja mmoja. Mama hakuandika kitu. Niliona aibu mpaka nikazima simu, kisha nikaiwasha kwa kumwogopa msimamizi.

Siku ya hitima, saa kumi jioni, Tanga ikiwa saa tatu asubuhi, nilikaa garini nje ya ghala, nikajitanda mtandio, nikafungua juzuu yangu kwa mara ya kwanza. Aya ya kwanza kabisa ni ya mtu anayekataa kuitakasa nafsi yake, hajitoi lawamani. Wiki mbili nzima nilikuwa nalaumu kazi, treni, simu. Ile alama niliiweka mimi, kwa kidole changu.

Nikampigia dada kabla dua haijaanza.

"Shikamoo dada. Juzuu yangu sijaisoma. Niliwadanganya."

Nikasikia sahani, kikohozi, mnong'ono wa wanawake. Alikuwa anaandaa chakula, simu ameiweka spika. Chumba kizima kilikuwa kimenisikia, na mama, aliyekuwa eda, alikaa mumo humo.

"Hitima haifungwi kwa ishirini na tisa," dada akasema. "Soma."

"Sasa hivi? Naingia kazini."

"Soma. Watu wamekaa."

Nikasoma kwa sauti. Jina la msimamizi likatokea juu ya aya, likakaa, likaondoka. Likatokea tena. Sikuwa na pa kukimbilia, si ghalani, si Tanga. Kwenye aya ya nne nikateleza, nikaendelea haraka nikitumaini hakuna aliyegundua.

"Rudi nyuma," ikasema sauti ya mama. "Umeruka neno."

Nikarudi nyuma.