Shimo la Mulei

Mulei Nzuki alikuwa mkulima wa kahawa hapa Kilungu, mtu wa maneno machache na mikono mikubwa. Enzi zetu tulikuwa na mwethya. Mtu akielemewa na kazi, mke wake anapika muthokoi wa mahindi na maharagwe, habari inazunguka mlima mzima, na asubuhi majirani wanafika na majembe. Hakuna aliyelipwa. Uliyemsaidia leo atakusaidia kesho. Hivyo ndivyo tulivyochimba matuta haya yote yanayozuia udongo usishuke mtoni, na Mulei alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. Mimi sikusoma shule, herufi nilijifundisha mwenyewe hata watu wakaniita mwalimu, lakini hilo halikuhitaji kitabu.

Mwaka wa 1986 akaamua kujenga nyumba ya mawe. Ile ya udongo ilivuja, na mkewe Kalondu alikuwa mgonjwa wa kifua. Kila msimu wa mvua alikohoa mpaka akashika nguzo. Mulei alimwahidi kwamba mvua za Novemba hazitamkuta mle ndani.

Akamleta fundi kutoka Malili, Mugo, mtu wa Murang'a aliyehamia huko. Kiwanja kilikuwa na mteremko wa upole. Ukikitazama tu huoni kitu. Lakini Mugo alipovuta kamba sawasawa, upande wa chini ulikuwa chini kwa urefu wa mtu.

"Mzee, njia ni mbili," Mugo alisema. "Ujenge ukuta huku chini, ujaze mawe na udongo mpaka pawe sawa. Ama uchimbe kutoka juu, upate chumba chini ya nyumba. Besimenti. Mlango wake utatazama bondeni."

"Chumba cha nini?"

"Cha mahindi, cha kahawa, cha kupangisha. Shamba limekupa chumba cha bure, wewe unakikataa?"

Mimi nilikuwepo, nami sikunyamaza. "Ghala la Mkamba husimama juu ya miguu," nilimwambia. "Nani aliwahi kuweka nafaka chini ya ardhi kama fuko?"

Mugo akacheka. "Huyu mwalimu wenu alisomea wapi?"

"Nilisomea mahali ambapo watu hawalali juu ya shimo!"

Kalondu alikuwa ameketi kwenye kinu kilichopinduliwa. "Baba Mbula," alimwambia mumewe, "mimi nataka nyumba isiyovuja. Iwe na shimo, isiwe na shimo, mtajua wenyewe. Mimi sitaolewa na huyo besimenti."

Mulei alikaa na jambo hilo wiki mbili. Mawe ya kujazia yalikuwa mtoni, na kuyapandisha si kazi ya mtu mmoja. Kuchimba, mtu mmoja anaweza, akiwa na subira. Akaja kwangu kuniuliza.

"Jaza," nilimwambia. "Itisha mwethya. Umewabebea watu wote wa mlima huu. Watakuja."

"Unajua watakuja?"

"Najua."

Basi akaitisha, siku ya Alhamisi. Kalondu alipika vyungu vitatu vya muthokoi, Mulei akachinja mbuzi. Jua likapanda. Wakaja mabibi vikongwe wanne, na Kaluki mmoja wao alikuwa haoni jicho la kushoto. Vijana walikuwa sokoni Nunguni wakitafuta vibarua vya kulipwa. Wengine walisema wana mkutano wa kanisa. Mmoja alipita barabarani, akauliza, "Leo mnalipa ngapi kwa siku?"

Na mimi? Nilikuwa kwangu, jembe likiwa mlangoni, nikingoja nione wenzangu wakitoka kwanza. Kila mtu mlimani, nadhani, alingoja vivyo hivyo. Nilipofika saa nane, Kaluki alikuwa amebeba mawe sita na amelala kivulini.

Mulei alinitazama, akasema, "Mwalimu, kula. Nyama ni nyingi."

Kesho yake akaanza kuchimba besimenti peke yake. Alichimba tangu Juni mpaka Oktoba. Mugo alimwonya kwamba lazima mtaro ukate maji upande wa juu, na mawe yapangwe nyuma ya ukuta ili maji yapate njia. Lakini mawe ya kujazia yalikuwa bado mtoni.

Mvua ilifika kuta zikiwa kiunoni. Maji hayakutoka angani tu. Yalipenya ardhini, kutoka upande wa juu, yakatokeza kwenye sakafu. Mulei aliyachota kwa debe. Aliyachota asubuhi, yakarudi jioni. Kalondu alikuwa bado katika nyumba ya udongo, akikohoa. Mbula, binti yao aliyeolewa Malili, akaja kumchukua.

"Toka humo, Baba Mbula," Kalondu alimwambia akiwa juu ya ukingo, amejifunika blanketi. "Twende sote."

"Nikiondoka litajaa."

"Limeshajaa."

Hakutoka. Februari homa ya mapafu ikamchukua, yeye aliyekuwa mzima.

Siku ya kumzika walikuja watu arobaini na majembe. Kaburi lilikwisha kabla ya saa nne, kwenye tuta la juu palipokauka. Vijana wale wale, na watu wa kanisa. Walipomaliza, Kalondu alisimama mbele yao.

"Kwa kuwa mmeshika majembe," alisema, "nifukieni na hilo shimo lingine. Nijenge juu yake hata chumba kimoja."

Walitazamana. Mmoja akasema wali unapoa. Mwingine akasema hiyo ni kazi kubwa, aite kikao, wapange. Wakaenda kula.

Nilishika jembe, nikatupa udongo mara nane, mara tisa. Kalondu alinishika mkono.

"Acha, mwalimu," alisema. "Ulitakiwa Alhamisi ile."

Alirudi Malili siku hiyo hiyo, na hakujenga.