Goti la Pili la Kaka Leonce

Kaka yangu Leonce hajui kukaa. Nasema hivi nikiwa nimemuuguza mara mbili, na mara zote mbili nilitamani kumfunga kamba kama mbuzi. Tangu ujana wake alisimamia zamu za maji kwenye mfongo, ule mfereji unaoteremka kutoka korongoni juu ya Kilema na kupita katika vihamba vyetu vyote, yaani mashamba yetu ya migomba na kahawa. Alfajiri yuko juu anatoa mawe, mchana yuko chini anagombana na mtu aliyefungulia migomba yake maji kabla ya zamu. Mwaka wa Uhuru aliteleza huko korongoni, akaumia goti la kulia, akalifunga kitambaa na kuendelea na kazi. Goti likalika polepole. Kufika miaka ya sabini alikuwa akichechemea huku akiitukana njia, kana kwamba njia ndiyo yenye makosa.

Mwaka 1977 daktari mmoja mgeni pale Moshi alimtoa lile goti bovu akamwekea la chuma. Akamwambia atembee, lakini mahali tambarare tu, mpaka mfupa ushikane na chuma. Tambarare! Huku kwetu mlimani tambarare ni uwanja wa kanisa peke yake. Hata hivyo kilichomharibia si kazi, ni adabu. Watu walikuja kumpa pole, huyu na mkungu wa ndizi, yule na kibuyu cha mbege, pombe yetu ya ndizi, na kila aliyeaga, Leonce aliinuka na magongo yake kumsindikiza mpaka ng'ambo ya mfereji, kwa ile njia ya mteremko inayoteleza mwaka mzima.

"Kaa chini, kaka," nilikuwa nikimwambia.

"Digna, unataka mgeni atoke kwangu kama mwizi?"

Basi wageni wakatoka kwa heshima, na chuma kikalegea ndani ya mfupa. Baada ya miaka michache aliumwa kuliko zamani.

Mwaka 1982 tukarudi hospitali, na mashuka yetu na kipande chetu cha sabuni, maana vitu vilikuwa adimu. Kitanda cha jirani alilala Suresh, mwenye duka la vipuri mjini. Yeye alikuwa amebadilishwa goti mara mbili huko Bombay, na safari hii alikuja kwa ajili ya tumbo. Leonce hakumpa nafasi ya kupumua. La pili likoje? Linakunjika? Linauma?

"La pili si kama la kwanza, mzee," Suresh alisema. "Maumivu yamepungua, kweli kabisa, usiku nalala. Lakini kupiga magoti hapana. Ngazi hapana. Nyumba yangu iko ghorofani, sasa mimi nalala dukani na matairi."

"Na kupanda mlima?"

Suresh alicheka, halafu akaona mwenzake hacheki.

Daktari naye hakutuficha. Mfupa uliobaki ulikuwa mdogo. Goti hili la pili likilegea, la tatu halipo. Watauunganisha mguu ubaki umenyooka siku zote, na huenda hata hilo likashindikana, wakaukata.

Asubuhi ya kupasuliwa, Leonce alinishika mkono. Hana tabia hiyo, nikaogopa.

"Digna, kinachonisumbua ni Filemon."

Nilijua. Kijiji kizima kilijua. Filemon anakaa juu yetu, kwenye kihamba chenye njia kali kuliko zote. Mwaka mmoja wa kiangazi hakuonekana kwenye msaragambo, ile kazi yetu ya pamoja ya kusafisha mfereji, na Leonce, kwa hasira zake, akamnyima maji mpaka mvua zikarudi. Miche ya kahawa ya Filemon ikakauka yote. Baadaye ndipo tukasikia kwamba siku zile mkewe alikuwa mahututi, naye hakuwa na mtu wa kumwachia. Leonce akaona aibu, aibu ikageuka kiburi, na hawakusemezana tena.

"Nataka nimpelekee isale," alisema.

Isale ni lile jani refu tunalopanda mipakani. Aliyekosa hulibeba mkononi kwenda kuomba radhi, na aliyeletewa hana ruhusa ya kukataa.

"Nitampelekea mimi," nikamwambia.

"Kosa ni langu. Litembee kwa miguu yangu."

"Miguu ipi?" nikamwuliza. Nina mdomo, najua.

Tuliporudi nyumbani nilihamishia kigoda changu njiani, nikawa narudisha wageni. Pole nazipokea, ndizi nazipokea, ndani haingii mtu. Walininunia, wakasema nimemgeuza kaka yangu mfungwa. Na kweli alikuwa mfungwa mbaya. Alikaa, akasimama, akaenda dirishani, akarudi, akaniuliza saa, akaniuliza tena. Siku moja nilitoka kuwakatia ng'ombe majani, niliporudi nikamkuta mpakani na kisu mkononi, gongo moja limemponyoka, anainama kukata isale. Nilipiga kelele mpaka kuku wakakimbia. Nikamnyang'anya kisu. Nikalia kwa hasira.

"Unataka wakukate mguu?"

"Na nikifa sijamwomba radhi?" Naye alikuwa analia.

Nadhani wale niliowarudisha walisikia kelele zetu, wakasambaza habari za lile jani. Jumapili iliyofuata, baada ya misa, Filemon alishuka kwa njia yake kali, kofia kwapani. Nikainuka kumzuia kama wengine, ndipo nikaona alichoshika mkononi. Mtu mwenye isale hazuiwi. Nikampisha.

Leonce alipomwona alitaka kusimama, akashindwa.

"Mbe Leonce," Filemon alisema, kwa ile heshima yetu ya kumwita mtu mzee, "nimesikia hili jani limeshindwa kupanda. Nimeshuka nalo mimi."

"Lakini wewe ndiye uliyekosewa!"

"Najua. Sijasahau hata mche mmoja. Lakini mimi nina magoti."

Akaliweka jani mapajani mwa kaka yangu. Leonce alilishika kwa mikono miwili, akaomba radhi kwa Kichagga. Tukanywa mtori wa ndizi na nyama. Tukazungumza habari za foleni ya sukari. Kisha Filemon akaaga, na Leonce, kama nilivyoogopa, akavuta magongo yake.

Filemon akamtazama, akakaa tena.

"Kama ni hivyo, siondoki."

Wakabaki wanatazamana. Leonce akapigana na usingizi kama mtoto, mwisho ukamshinda. Filemon akavua viatu vyake, akavishika mkononi, akatoka bila kuaga.

Goti limeshika. Linakunjika nusu tu, msimu wa baridi linamsumbua, na kanisani anakaa wenzake wakipiga magoti. Mteremko daktari amemkataza maisha. Kwa Filemon hajapanda hata mara moja, wala hatapanda. Filemon ndiye anayeshuka kila Jumapili. Wakishakula na kuongea, kaka yangu hufumba macho hapo kitini, akatulia kimya. Filemon huchukua viatu vyake akaondoka taratibu. Mimi naketi karibu nao nachambua maharage, na naona kabisa kwamba Leonce hajalala.